Nakala ya Ofisi

Ukutani mwa kibanda cha Fundi Kitasa kulikuwa na misumari miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na tangu agizo litoke misumari hiyo ndiyo iliyomwondolea raha ya kazi. Kwenye wa kulia alitundika funguo za wateja. Kwenye wa kushoto alitundika funguo za ofisi. Agizo lenyewe lilibandikwa mlangoni pake kwa gundi isiyobanduka: kila fundi atakayechonga ufunguo wa nyumba ya mtu atachonga mbili, mmoja apewe mwenye mlango, wa pili upelekwe Ofisi ya Usalama wa Makazi, pamoja na jina na namba ya nyumba. Mwisho waliandika, "Kwa usalama wenu." Usalama! Mtu akae na ufunguo wa nyumba yako, halafu akwambie ulale salama.

Kila Ijumaa asubuhi alikuja bwana mmoja kuzikusanya. Mtaa mzima ulimwita Bwana Tafadhali, kwa sababu hakuwa na ukali hata kidogo. Alivaa shati lililopigwa pasi, alisalimia wakubwa kwa wadogo, na hata siku alipomnyang'anya Fundi nyaya zake za kufungulia vitasa alimwambia, "Tafadhali, fundi, weka sahihi hapa kwamba umezitoa kwa hiari." Fundi aliweka. Nyaya zile alizirithi kwa marehemu baba yake. Sasa mtu akifungiwa nje, fundi wa miaka thelathini sharti akapange foleni aombe kibali cha kuazima nyaya zake mwenyewe.

Hapo mtasema Fundi alikuwa bwege. La hasha. Fundi alikuwa na siri yake, na siri ya mtungi aijuaye kata. Kila alipochonga nakala ya ofisi, akishaimaliza sawasawa, alipitisha tupa mara moja tu kwenye jino la tatu. Mara moja, kama mtu anayefuta vumbi. Kwa macho huoni kitu. Ufunguo unaingia kwenye kitasa vizuri kabisa, ila hauzunguki. Ule wa kwanza kuuharibu hivyo ulimkosesha hamu ya kula siku nzima, maana hajawahi maishani mwake kutoa ufunguo usiofungua. Baadaye alizoea.

Mkewe peke yake ndiye aliyejua.

"Na siku wakiujaribu?" mkewe alimwuliza, wiki za mwanzo, akikunja nguo kitandani.

"Wataujaribu wapi? Watu hao wanapenda kuwa nazo tu. Wamezitundika kwa namba, wanazitazama, roho zao zinatulia."

"Haya. Mimi nataka komeo."

"Komeo?"

"Komeo, ndiyo. La chuma, upande wa ndani. Binti yako anatoka zamu ya hospitali asubuhi, analala mchana kutwa. Sitaki kusikia ufunguo wa mtu ukizunguka mlangoni na mtoto wangu amelala."

"Mama watoto, mimi ni fundi vitasa. Watu wakiona nimeweka komeo nyumbani kwangu watasema nini? Na ufunguo wa ofisi wa mlango wetu si nimeuharibu mwenyewe?"

"Watasema una mke mwenye akili. Komeo halina ufunguo, na lisilo na ufunguo halina nakala."

Aliliweka. Alinuna siku mbili, lakini aliliweka.

Fundi alikuwa na shemeji, kaka wa mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane, aliyepanga chumba kimoja mtaa wa tatu kutoka hapo. Huyu hakuwa mtu wa tupa na siri. Huyu aliandika. Alikuwa na daftari nene, na kwenye ukurasa wa kwanza alitunga kwa mwandiko wa ubaoni malalamiko dhidi ya agizo lile, na chini yake watu waliweka majina na sahihi. Aliwaahidi jambo moja: daftari halitatoka chumbani mwake mpaka sahihi zifike mia tano. "Mtu mmoja wanamkamata," alisema. "Mia tano watawaweka wapi?" Na watu walikuwa na haki ya kuogopa. Kinyozi wa mtaa wa juu aliandika barua ya malalamiko peke yake. Wiki ya pili wakaichukua leseni yake kwa uhakiki. Huu ni mwezi wa saba anahakikiwa, na kioo cha saluni kimeshauzwa.

"Weka sahihi, shemeji," Mwalimu alimwambia Fundi mara nyingi. "Wewe ndiye unayeumia kuliko wote."

"Mimi nasaini kwa tupa," Fundi alimjibu.

"Tupa haisomeki."

"Ndiyo uzuri wake."

*

Basi Ijumaa moja asubuhi Mwalimu alifika kibandani mbio mbio na ufunguo wake mkononi. Ulikuwa umelika meno kama ya bibi kizee; kila akirudi nyumbani alitikisa mlango dakika tano. Fundi aliubana kwenye mashine akaanza kuchonga. Alipomaliza wa kwanza akachonga wa pili, akapitisha tupa pale pa siku zote, akaziweka zote mbili mezani: wa mteja kulia, wa ofisi kushoto. Alikuwa bado hajazitundika alipotokea Bwana Tafadhali na mkoba wake.

"Habari za asubuhi, fundi. Habari yako, Mwalimu. Naona leo tumekutana."

"Tumekutana," alisema Mwalimu. "Hebu nikuulize, bwana. Wewe kwako nakala ya ufunguo wako anayo nani?"

"Shemeji," Fundi akasema.

"Namwuliza tu. Swali si kosa. Au nalo linahitaji kibali?"

Bwana Tafadhali akatabasamu. "Mwenye mlango safi, Mwalimu, haogopi kufunguliwa."

"Na mwenye mke je? Mwenye binti? Mtu anayeoga?"

"Shemeji, basi!" Fundi alikuwa anatokwa jasho. Hakutaka mabishano pale, huku ule msumari wa kushoto ukiwa umejaa uongo wake wa wiki nzima. Ili mikono ipate kazi akageuka, akaubana ule ufunguo mkuukuu kwenye jiliwa na kuuvunja kwa koleo vipande viwili. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake tangu ujana: ufunguo uliokwisha kazi huvunjwa mbele ya mwenyewe, usije ukaokotwa na mwizi. Alivunja, akavitupa vipande kwenye kopo, na alipogeuka tena Bwana Tafadhali alikuwa ameshazitoa funguo za msumari wa kushoto, na ameshachukua mezani mmoja wa zile mbili akautia kwenye bahasha.

"Nimejihudumia, fundi, usisumbuke. Tafadhali, saini."

Akasaini. Siku zote Fundi ndiye aliyemkabidhi kwa mkono wake. Lakini alitaka aondoke, tena upesi, na mtu akitaka mgeni aondoke hamhesabii vijiko. Mwalimu naye akachukua uliobaki, akautia mfukoni na kwenda zake bado ananung'unika.

Haikupita nusu saa Mwalimu akarudi.

"Shemeji, ufunguo wako umegoma."

"Umegoma vipi?"

"Unaingia, hauzunguki."

Fundi akakaa juu ya kopo la vyuma. Unaingia, hauzunguki. Aliyajua maneno yale, maana ndivyo alivyokuwa akizipika za ofisi. Alisimama upande wake wa meza, na yule bwana alisimama upande wa pili, wametazamana; kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake. Bwana Tafadhali alinyoosha mkono kushoto, kushoto kwake yeye. Na kwa miezi yote hii, ule ulikuwa ufunguo wa kwanza mzima kufika ofisini.

"Mlango umeufunga?" Fundi aliuliza.

"Nimeuvuta asubuhi nilipotoka, ukajifunga. Si wewe uliyeniwekea kitasa hicho cha kujifunga?"

"Na daftari?"

Mwalimu akamtazama. Hapo ndipo na yeye alipoelewa kwamba ufunguo unaofungua uko ofisini, na sura yake ikabadilika kama ya mwanafunzi aliyekosa jibu. "Liko mezani. Wazi. Wa arobaini na moja amesaini leo alfajiri, nikaliacha wino ukauke."

*

Kuchonga mwingine hakukuwezekana, maana ufunguo wa kunakili alikuwa ameuvunja mwenyewe. Kufungua kitasa bila ufunguo, kwa Fundi, ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini kwa nyaya zake, na nyaya ziko ofisini, na ofisini watu hawaulizi unataka nini bila kuuliza kwa nini. Akavunja mbavu mbili za mwavuli mbovu uliokuwa nyuma ya mlango, akazikunja ncha kwa koleo, akazificha mkononi mwa shati. Wakaenda wanatembea haraka bila kukimbia, kama watu wawili wanaowahi maziko.

Uani walimkuta mama mwenye nyumba anaanika mashuka. Alikuwa mama mwema, na naapa, wema wake ndio uliowamaliza.

"Poleni wanangu," alisema. "Nimemwona Mwalimu anavyohangaika na mlango, roho ikaniuma. Lakini msijali. Nimeshawapigia simu ofisini. Wamesema ufunguo wake mpya wamepokea asubuhi hii hii, wanakuja kumfungulia."

"Nani alikutuma, mama?" Mwalimu alisema.

"Nani anitume? Mpangaji wangu kafungiwa nje, nikae nimkodolee macho? Na mlango ukivunjwa wanaotozwa faini ni sisi wenye nyumba." Akachukua shuka jingine, amekasirika kidogo. "Afadhali siku hizi, serikali inafikika. Zamani ungelala nje."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti mlangoni. Aliingiza waya mmoja kukaza, wa pili kutafuta. Ndani ya kitasa kile mlikuwa na vijiti vitano, na kila kimoja sharti kiinuliwe mahali pake bila wenzake kuanguka. Cha kwanza kikainuka. Cha pili kikainuka, kikaanguka, kikainuka tena. Jasho lilimwingia machoni.

"Shemeji, fanya haraka."

"Uliniambia unataka kitasa ambacho hata mimi kitanishinda."

"Nilikuwa natania!"

"Mimi sikutania."

Cha tatu. Waya wa mwavuli ni laini, unapinda, hausemi ukweli kama zile nyaya za marehemu baba. Aliufikiria mkono wa baba yake juu ya mkono wake, zamani, anamfundisha kusikiliza chuma. Cha nne kikapanda na kukaa. Kimoja tu kimebaki. Kimoja! Gari likasimama nje ya ua, mlango wa gari ukafunguliwa na kufungwa, kisha mwingine. Waya ukamteleza Fundi, na vijiti vyote vinne vikaanguka kwa pamoja.

"Fundi," ilisema ile sauti ya upole. "Tafadhali, acha huo waya."

Aliinuka. Bwana Tafadhali alikuwa na wasaidizi wawili, na mmoja wao alibeba sanduku la mbao lenye namba ya mtaa ubavuni.

"Kibali kiko wapi?"

"Sina, bwana."

"Basi hilo tutalizungumza. Mambo moja moja." Akatoa bahasha, akatoa ufunguo, akautia. Kitasa kikafunguka mara moja, bila kelele, bila kusukumwa. Bwana Tafadhali akautazama ule ufunguo kwa furaha ya kweli. "Kazi safi, fundi. Nimefungua milango mingi, lakini huu umeingia kama umezaliwa humo."

"Ahsante," Fundi akajibu.

Neno lilimtoka kwa mazoea ya miaka thelathini, kabla hajalizuia, na akasikia aibu ambayo hajawahi kuisikia maishani. Mwalimu aligeuza uso upande wa mashuka.

"Nashukuru, bwana, nimeshafunguliwa," Mwalimu alisema, akijaribu kutangulia. "Sasa niachieni chumba changu."

"Hapana, Mwalimu, tafadhali. Mlango uliofunguliwa na ofisi unakaguliwa kwanza, ndipo unakabidhiwa. Ni utaratibu tu. Tusije tukakuachia mwizi ndani."

Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, meza, viatu jozi mbili chini ya kiti. Ilikuwa hatua nne kutoka mlangoni mpaka mezani. Bwana Tafadhali alizitembea taratibu, akainama, akasoma bila kugusa, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akasoma kwa sauti: "Sisi tuliosaini hapa hatukatai kutembelewa. Tunakataa kuingiliwa." Akainua kichwa. "Umeandika vizuri, Mwalimu."

"Nichukue mimi," alisema Mwalimu. "Maneno ni yangu. Hao wengine niliwasumbua tu, wakasaini niwaondokee."

"Hakuna anayechukuliwa. Namba moja hapa..." Kidole chake kilisimama. Akamgeukia Fundi. "Huyu si mama wa nyumbani kwako?"

Fundi alisogea akatazama. Lilikuwa jina la mkewe, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto anaoandikia orodha ya sokoni, na sahihi yake chini. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa kwanza wa agizo.

"Hukuniambia," alimwambia Mwalimu.

"Alinikataza. Alisema wewe mzigo wako unakutosha."

Bwana Tafadhali alilifunga daftari na kulitia kwapani. "Arobaini na mmoja. Basi twende tukawatembelee, kwa kuwa wamesema hawakatai. Tutaanza na namba moja, ndiyo karibu. Funguo zao zote ninazo humu." Akaligonga sanduku kwa kidole.

Hapo ndipo mzigo wote ulipomwangukia Fundi. Majina arobaini na moja, na karibu wote ni wateja wake. Kwenye sanduku lile walikuwa na ufunguo mmoja mzima, na wameshautumia. Zilizobaki zote zinaingia na hazizunguki. Mlango wa kwanza utagoma, watasema bahati mbaya. Wa pili je? Wa tatu? Na watamsogelea nani, kama si mwenye tupa?

"Bwana, kwangu nitabisha mwenyewe," alisema. "Mke wangu yupo. Atafungua."

"Ya nini kumsumbua? Ndiyo maana ya agizo, fundi. Watu wasisumbuliwe."

*

Wakaenda kwa miguu. Msaidizi mmoja mbele na sanduku, mmoja nyuma, Fundi na Mwalimu katikati, Bwana Tafadhali pembeni akiitikia salamu. Watu waliokuwa vibarazani waliingia ndani. Fundi alisikia vitasa vikizungushwa, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alikijua kwa sauti. Vyote alivitia yeye. Alitaka kupiga kelele kwamba haisaidii. Tena alitaka kupiga kelele kwamba inasaidia, kwamba kwa miezi yote hii alikuwa amewalinda bila wao kujua. Akaendelea kutembea. Dirishani kwa mshona viatu pazia lilifunuliwa, mtu akamwona Fundi anatembea ubavuni mwa Bwana Tafadhali, pazia likashushwa. Hilo nalo alilimeza.

Walipofika, Bwana Tafadhali alitafuta kwenye sanduku, akasoma kibandiko, akautia ufunguo kwenye mlango wa Fundi. Uliingia vizuri. Akazungusha. Akautoa, akaupuliza, akautia tena.

"Ajabu," alisema. Akaujaribu mara ya tatu, polepole, na safari hii hakuwa akiutazama mlango. Alikuwa akimtazama Fundi, na ule upole haukuondoka usoni ila ulisimama, kama saa iliyokwisha betri. "Wa Mwalimu umefungua mara moja. Huu wa kwako, fundi, mwenyewe ulioutengeneza, una nini?"

Fundi alitazama kizingiti.

"Nikijaribu wa jirani hapa, nao utakuwa hivi hivi?"

Mwalimu alimtazama shemeji yake kwa mshangao, kisha akatazama sanduku, kisha mkono wa Fundi wenye sugu za tupa. Midomo ikamcheza. "Shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Zote?"

Ndani nyayo zikasikika, kandambili za mkewe, zikasimama nyuma ya mlango.

"Nani huyo anayechokonoa kitasa changu?" alisema. "Siku hizi hodi imekwisha? Mtoto amelala humu!"

Maisha yao yote, Fundi akisema "Ni mimi" mlango ule ulifunguliwa. Kwa jua kwa mvua, wamenuniana hawajanuniana, neno hilo moja lilitosha. Bwana Tafadhali alilijua hilo, maana alimshika Fundi mkono juu ya kiwiko, taratibu, akamsogeza mbele.

"Mwambie mkeo ni wewe. Tafadhali."

Fundi aliuweka uso karibu na mbao. Alisikia harufu ya mafuta aliyotia kwenye bawaba wiki iliyopita.

"Ni mimi, mama watoto," alisema. Kisha akavuta pumzi. "Usifungue."

Halafu wote wakalisikia komeo, wale wasaidizi, Mwalimu, na majirani nyuma ya madirisha yao: chuma kizito kikipita kwenye chuma, upande wa ndani, mpaka mwisho.

Mkono uliomshika Fundi ukakaza. Bwana Tafadhali akaurudisha ufunguo sandukuni, akachagua mahali penye kivuli, akamwonyesha Fundi akae chini, na msaidizi mmoja akasimama nyuma yake. Kisha, kwa kuwa hapakubaki lingine, yule bwana alifunga vizuri kifungo cha shati lake, akainua mkono na kugonga mbao mara tatu.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyemwambia karibu.